Fanta ya Mwenye Hataza

Nimelelewa katika nyumba ambamo kukataa kinywaji cha mtu ni sawa na kumtukania mama yake. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza iliyonifanya nishindwe ile kesi mara ya kwanza. Sababu ya pili ni kiu. Wanaosema nilishindwa kwa ujinga hawakukaa asubuhi nzima kwenye kiti cha plastiki, chini ya bati, wakimsikiliza wakili akisoma Kifaransa.

Soko kuu lilipoungua, vitambaa vyetu viliungua nalo. Ukoo wetu umeuza vitambaa Bujumbura tangu babu alipofika kutoka Uarabuni, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufikiria kwamba kuna kazi nyingine. Mume wangu tu ndiye aliyekuwa na ufundi mkononi. Alikuwa fundi umeme katika kiwanda kimoja cha Zone Industrielle, na alikuwa amestaafu mwaka huohuo. Tukapanga chumba chembamba Rohero, katikati ya mwenye fotokopi na mwenye magauni ya harusi ya kukodisha, akaweka meza tatu, na juu ya kila meza simu ya zamani ya mezani, nzito, yenye waya wa kujikunja. Nyuma ya simu hizo aliweka sanduku la mbao lililopigwa vanishi, lenye skrubu za shaba na taa mbili, nyekundu ya kusubiri na kijani ya kusema. Ukinyanyua mkono wa simu na kubonyeza namba, sauti yako inapita kwenye intaneti mpaka Maskati au Brussels, na bei yake haikuwa hata robo ya bei ya simu ya kawaida.

Mtu atauliza, nani siku hizi anakwenda kupiga simu dukani? Wazee. Wote wana simu za kioo walizonunuliwa na wajukuu, lakini kidole kilichoshika jembe au mkasi miaka hamsini hakielewani na kioo. Wanagusa namba ya mtoto, anatokea mtu wasiyemjua akicheza ngoma. Kwetu walinyanyua kitu chenye uzito, wakapiga kelele, wakasikika. Bibi wa Kiarabu mwenye dada Maskati alikaa foleni moja na karani mstaafu mwenye mtoto Ubelgiji, na waligombana kuhusu zamu kama ndugu wa tumbo moja.

Mume wangu aliwaambia watu kwamba sanduku lile ameliunda yeye. Hakusema kwa kelele. Alisema, "Ah, ni waya tu, nimeziunganisha kwa akili yangu ndogo," ambayo ndiyo namna mtu mwenye adabu anavyojisifu. Wateja wakamwita Injinia. Binti yetu alikua akifanya kazi za shule pembeni ya sanduku hilo, akaenda Ubelgiji kusomea mitambo ya mawasiliano, na kwenye barua yake ya kuomba chuo aliandika kwamba baba yake ni mvumbuzi. Mume wangu alipofariki, shehe alisema makaburini kwamba marehemu aliunga udugu kwa mikono yake, na kila sauti aliyoiunganisha itamshuhudia. Niliposimuliwa maneno hayo nililia sana.

Sasa aingie yule bwana. Alikuwa muuza magodoro, tajiri, mkazi wa Kibenga, mwenye nyumba inayotazama ziwa. Ziwa hilo atakuonyesha kwenye simu yake hata mkiwa mmesimama ufukweni. Alikuja dukani kwetu kumpigia kaka yake Brussels, ingawa simu yake ilikuwa kubwa kuliko kibao changu cha kukatia vitunguu. Alisema anapenda uzito wa mkono wa simu. Aliupenda kweli, kwa sababu siku moja alilipiga picha sanduku zima, mbele na nyuma, na mume wangu, ambaye sifa zilimlevya haraka kuliko pombe inavyowalevya wengine, akaligeuza mwenyewe ili mwanga uliangukie vizuri. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nilipotoka eda nilikuta mambo mawili. La kwanza ni duka jipya, milango miwili kutoka kwetu, lenye simu nne za mezani na sanduku la plastiki lililopakwa rangi ya mbao. La pili ni barua ya wakili. Barua ilisema kwamba mteja wake ni mwenye hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, au brevet kama tulivyoiita sote, ya simu ya intaneti. Kwamba duka langu linavunja hataza hiyo kila mteja anaposema alo. Na kwamba nakala ya brevet imeambatishwa.

Niliisoma nakala hiyo na kamusi pembeni. Dai la kwanza lilikuwa kifaa chochote ambacho kwa njia yake sauti ya binadamu, ikichukuliwa na chombo cha mkononi, inapita katika mtandao na kulifikia sikio la binadamu mwingine. Dai la pili, kifaa cha dai la kwanza, kikiwa juu ya meza. Dai la tatu, kikiwa chini ya meza. Kulikuwa na mchoro wa sikio na mshale unaoingia ndani yake, na sikio lenyewe lilikuwa na herini, kwa hiyo nadhani alimchora mke wake. Muuza magodoro alikuwa amejipatia kwa muhuri mmoja kila neno litakalosemwa kwa intaneti kutoka Burundi, pamoja na yale niliyoyasema mimi juu yake siku hiyo.

Nilikwenda kwenye ofisi iliyompa. Karani alikuwa kijana mpole mwenye tai, akanipa kiti.

"Mama, sisi tunaangaliaka kama papie iko kompleti," alisema. "Kama kintu ni mupya ao ni ya zamani, iyo haituangalie."

"Na mutu akitaka kupinga?"

"Tuliitundika pale, mama. Miezi mizima. Hakuna mutu alikuja."

Alinionyesha ubao wa matangazo. Ulikuwa ukutani nyuma ya mlango, na mlango ule haufungwi mchana kwa sababu ya joto, kwa hiyo ubao huonekana usiku tu, ofisi ikiwa imefungwa. Nilimwambia kwamba hata wezi wa Buyenzi hawajifichi vizuri hivyo. Alicheka, akaniomba nisimtaje, nami simtaji.

Kama bwana yule angetaka pesa, pengine ningenung'unika na kumpa. Alitaka saini. Barua ilinitaka nikiri kwa maandishi kwamba marehemu mume wangu aliiga uvumbuzi wa mteja wake, kisha nitundike dukani kibao chenye maneno: Kwa idhini ya mvumbuzi. Yaani mtu aliyepiga picha awe mvumbuzi, na aliyepigiwa picha awe mwizi, akiwa kaburini, asiweze hata kukohoa. Niliapa kwamba kibao hicho kitaning'inia shingoni mwangu kabla ya kuning'inia ukutani kwangu.

Nilipokataa alinishtaki, na mahakamani walituambia kesi ya majirani huanzia mtaani, kwa bashingantahe. Hao ni wazee wa kusuluhisha, watu wanaoheshimiwa, ambao kazi yao ya kila wiki ni mipaka ya viwanja, mbuzi waliokula maharagwe ya watu, na wake waliorudi kwao. Wetu walikuwa watatu: mwalimu wa hesabu aliyestaafu, ambaye ndiye mkubwa wao, muuza vigae mmoja, na mama aliyewahi kuwa mkunga. Tulikutana kwenye banda la mkuu wa mtaa. Wakili alisoma madai yote, mpaka lile la chini ya meza. Alipomaliza, mwalimu alivua miwani.

"Sawa. Mpaka iko wapi?"

Wakili alionyesha mchoro wa sikio.

"Apana. Mi nauliza mpaka. Sauti ya uyu mama inaishia wapi, na ya uyu bwana inaanzia wapi?"

"Mzee, sauti haina mpaka. Ni droit. Ni haki ya akili."

"Kama haina mpaka, munagombania nini?"

Watu wakacheka, na mimi nikaona kesi imekwisha. Nilikaa kwa raha, nikajipepea na nakala ya brevet, ambayo kwa kazi hiyo ilikuwa nzuri kabisa.

Ndipo yule bwana akaagiza vinywaji. Bia kwa wazee na kwa kila aliyekuwepo, kreti nzima, na kwa ajili yangu, kwa heshima ya dini yangu, fanta moja ya machungwa, baridi, yenye mrija. Niliguswa, Mungu anisamehe. Nilisema moyoni, hata mwizi ana mama aliyemfunza.

Hapa lazima niseme ujinga wa ukoo mzima. Kila mtu katika mji huu anajua kwamba anayekunywa kinywaji cha mwenzake mbele ya bashingantahe amekubali maneno yake, na ugomvi umekwisha. Mimi nalijua hilo tangu utotoni. Lakini nyumbani kwetu, tangu babu, tuliamini kwamba desturi hiyo ni ya bia. Tumekaa kwenye mabaraza hayo vizazi vitatu, soda mkononi, tukijiona tumesimama nje ya sheria kwa sababu hatulewi. Sasa naanza kuelewa jinsi babu alivyopoteza kile kiwanja cha karibu na bandari, ambacho mpaka anakufa alisema alidhulumiwa kwa uchawi.

Niliinywa yote, mpaka mrija ukapiga kelele. Mwalimu akapiga makofi mara tatu.

"Basi, imeisha. Mama amekunywa."

"Nimekunywa nini?"

"Kinywaji yake. Amekubali. Bwana, mupe mama ile papie atie saini."

"Wazee, ni fanta! Mi ni Mwislamu, mi sinywake pombe!"

"Hakuna mutu amesema pombe, mama," alisema mkunga, kwa upole ulioniudhi kuliko kelele. "Inasemwaka kinywaji. Fanta ni kinywaji. Ao we ulikuwa unakula?"

Nilisimama, nikasema maneno ambayo siyaandiki. Muuza magodoro alitazama viatu vyake kwa unyenyekevu wa mtu aliyehesabu kila kitu tangu kwenye jokofu. Mwishowe mwalimu, ambaye nadhani alikuwa na haya kidogo, akanyanyua mkono. Alisema neno lililonywewa halitapikwi. Lakini kuna njia moja. Kama mtu ataleta kitu ambacho hakuna aliyekiona barazani, shauri linaweza kufunguliwa. Akanipa siku saba.

Nilikuwa nacho kitu hicho, na ndiyo maana siku zile saba zilikuwa mbaya kuliko eda.

Miaka michache kabla ya kifo chake mume wangu alilazwa kwa malaria, na sanduku likanyamaza mchana mmoja, foleni ikiwa imefika mlangoni. Alikuwa amenikataza kulifungua. "Kuna mambo ya hatari ndani," alisema kila mara. Nilichukua bisibisi, nikafungua skrubu nne za shaba, nikanyanyua kifuniko. Ndani kulikuwa na kisanduku cheupe cha plastiki, kidogo kama kipande cha sabuni ya kufulia, chenye maandishi ya Kichina, mwaka wa kutengenezwa, na risiti ya duka la Dubai, mji aliokwenda mara moja tu, kumsindikiza mjomba wake hospitalini. Sehemu iliyobaki ilikuwa hewa. Taa mbili zile ziliwaka kwa betri ya tochi. Waya ulikuwa umechomoka tu. Niliuchomeka, nikafunga, nikamwita aliyefuata kwenye zamu.

Sikumwambia. Alipotoka hospitali aliuliza kama mashine ilisumbua, nikasema ilisumbua kidogo, ikapona yenyewe. Akasema, "Nimeiunda vizuri." Nikasema, "Umeiunda vizuri." Nilikasirika naye wiki mbili bila kumwambia sababu, kisha hasira ikaisha, ikabaki huruma, na huruma ile nilimpenda nayo mpaka alipokufa.

Sasa shauri lilikuwa hivi. Hataza ni ya kitu kipya. Kama nitaonyesha kwamba kitu hicho kiliuzwa madukani kabla muuza magodoro hajaota kukiandikia fomu, hataza yake inageuka karatasi ya kufungia vitumbua. Lakini ili kuonyesha hivyo lazima nifungue sanduku mbele ya watu. Nikilifungua, mume wangu si mwizi tena, wala si mvumbuzi. Nikiliacha limefungwa, anabaki mvumbuzi kwa walio dukani kwangu, na mwizi kwenye karatasi yenye saini yangu. Nililizunguka sanduku hilo siku sita nikiligombeza. Nilimgombeza na yeye pia. Ungeniachia maneno ya kweli, nilimwambia, leo ningekuwa na kitu cha kukutetea.

Siku ya saba nililifunga kwenye kitenge, nikalipakata ndani ya teksi mpaka mtaani. Banda lilijaa. Wateja wangu wote walikuja, mabibi wa Kiarabu kwa buibui zao na wazee wa kanisani kwa makoti, kumtetea Injinia. Mmoja alikuja na picha ya marehemu. Natamani wasingekuja.

Mwalimu alisema tutafanya kama kwenye viwanja: kila mmoja atembee mpaka wake, wengine wamfuate. Mwenye shamba hujua jiwe lake liko wapi. Akamwambia muuza magodoro afungue sanduku lake.

"Fundi wangu iko likizo," alisema.

"Sisi hatujauliza fundi. Tunauliza mwenye alivumbua."

Alichukua bisibisi, akaizungusha upande wa kukaza. Skrubu ilizidi kuzama. Aliizungusha kwa juhudi, jasho likimtoka, na wakili wake akaeleza kwamba mvumbuzi ni mtu wa fikra, si wa mikono. Muuza vigae akamwonea huruma, akampokea bisibisi.

Zamu yangu ilikuja kabla hajamaliza. Niliweka sanduku mezani, nikafungua zile skrubu nne. Nilitoa kile kisanduku cheupe, nikampa mwalimu. Alivaa miwani, akasoma mwaka kwa sauti, kisha akasoma mwaka wa brevet, akatoa mmoja kwenye mwingine, maana alikuwa mwalimu wa hesabu na hakuweza kujizuia.

"Iyi ni ya Chine!" wakili alisema. "Hapa ni Burundi!"

"Na Mchina si mutu?" aliuliza mkunga.

Muuza vigae naye alikuwa amefaulu. Kutoka kwenye sanduku la plastiki lililopakwa rangi ya mbao akatoa kisanduku cheupe, pacha wa changu, kipya kidogo. Akaviweka sambamba mezani. Watu walicheka mpaka mkuu wa mtaa akatoka ofisini kwake kuuliza nani amekufa.

Mwalimu alitoa hukumu palepale. Hapa hakuna mpaka, alisema. Wote wawili mnalima shamba la mtu mwingine, naye ameuza mavuno yake na kulipwa, basi mwacheni apumzike. Bwana aifute barua yake. Mama asitie saini kitu. Nilikuwa nimeshinda. Nilianza kulifunga sanduku langu kwenye kitenge.

"Ngoja, mama," alisema. "Ni juu ya kuandika vizuri. Bwana yako, yeye njo alitengeneza iyi kintu, ao apana?"

Aliyekuwa na picha aliishika kifuani. Ningeweza kusema sijui. Lakini nilikuwa nimechoka, na swali lilikuwa la haki, na mzee alikuwa ameshika kalamu akinisubiri.

"Apana," nilisema. "Alinunua Dubai."

Akaandika. Nilisikia mtu akifyonya nyuma yangu, na sikugeuka kuona ni nani. Ili mume wangu asiitwe mwizi nilimwita mwongo, mbele ya watu waliomzika, kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mji huu hauhitaji intaneti kupeleka habari. Jumapili mchana binti yangu alipiga kutoka Ubelgiji. Nilinyanyua simu nikiwa nimejiandaa kwa kilio chake, na maneno yangu tayari: kwamba baba yako alitupenda, kwamba mwanadamu si malaika.

"Mama," alisema, "ni kweli ulifungua?"

"Nisamehe, mwanangu."

"Mi nilijua. Mwaka wa kwanza walitupatia kile kisanduku darasani, kila mutu na chake. Nilikitambua kwa ile siku nilifungua la baba, nikiwa na miaka kumi na mbili."

"Na hukuniambia?"

"Nilisema, mama akijua ataumia. Na we?"

Nikamwambia kuhusu ile siku ya malaria. Akaanza kucheka, nami nikacheka, tukacheka mpaka ikawa siyo kicheko tena.

"Barua yako ya chuo," nilisema. "Uliandika baba ni mvumbuzi."

"Niliandika ivyo sababu alitaka kuisoma kabla sijaituma. Mama, na yeye? Unazani alijua kama sisi tunajua?"

Nilijaribu kuukumbuka uso wake siku ile aliyotoka hospitali na kuniuliza kama mashine ilisumbua, alivyonitazama alipokuwa akisubiri niseme, na sijui mpaka leo alikuwa anasubiri neno gani.

Muuza magodoro bado ana brevet yake, imewekwa kwenye fremu, na tunasalimiana. Amenipeleka barazani, amenihesabia fanta, amemwita marehemu mwizi, na hayo yote nimemsamehe. Lakini tulikuwa watu watatu katika nyumba moja, kila mmoja akiutunza uongo uleule ili wengine wawili wasiumie, na tulikuwa tunauweza. Kwa kututoa humo, sijamsamehe.